Kundi la Ng'ombe na Kundi la Hisabati: Tathmini ya Istilahi za Nadharia ya Uwakilishi kwa Mfano wa Kibakwe

Neno kundi, linapotumika kueleza uwakilishi wa makundi ya ulinganifu yasiyo na kikomo, lina kasoro inayoonekana upesi zaidi Kibakwe, wilayani Mpwapwa, kuliko katika ukumbi wa mihadhara. Kwa mfugaji wa Kigogo, kundi ni ng'ombe wenyewe. Kundi la hisabati halina ng'ombe hata mmoja: wanachama wake ni vitendo vya kuwabadilishia nafasi katika safu. Ng'ombe watatu huzaa vitendo sita. Kundi lisilo na kikomo hutokana na safu isiyo na mwisho, ingawa kila kitendo huhamisha ng'ombe wenye idadi maalumu tu.

Uwakilishi nao hupotosha. Jimbo la Kibakwe lina mbunge mmoja kwa wananchi wote. Kinachofanana naye katika hisabati ni uwakilishi duni kuliko wote, unaokipa kila kitendo namba 1 na kufuta tofauti zote.

Hata hivyo, hoja ya kuwatupa ng'ombe haina mashiko. Mwaka 1964 Elmar Thoma alithibitisha kwamba kila tabia isiyogawanyika ya kundi hili hubainishwa na orodha mbili za namba zisizo hasi, alfa na beta, ambazo jumla yake haizidi 1. (Tabia hapa ni namba inayopewa kila kitendo ili kuutambulisha uwakilishi; neno hili, tofauti na yale mawili, linafaa.) Beta zikiwa sifuri na alfa zikiwa 1/2 na 1/2, chukulia kila ng'ombe ni mweusi au mweupe kwa bahati sawa, bila kutegemea mwenzake. Tabia ya kitendo ni uwezekano kwamba mchungaji anayetazama rangi pekee hatatambua kuwa kimefanyika. Wawili wakibadilishana nafasi, ni 1/2. Watatu wakizungushana, ni 1/4. Ufafanuzi huu ni sahihi kihisabati, si pambo.

Mfano hukomea kwenye beta. Beta ya kwanza ikiwa 1, kubadilishana kwa wawili hupewa −1, na hakuna uwezekano ulio hasi. Vershik na Kerov, mwaka 1981, walizifasiri alfa na beta kuwa viwango vya ukuaji wa safumlalo na safuwima za michoro ya Young. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) haikukusudiwa kwa hisabati. Kwa hiyo mtahini anayesoma tasnifu ya Kiswahili kuhusu nadharia hii ana haki ya kudai, tangu ukurasa wa kwanza, wanachama wa kundi watajwe kuwa ni vitendo.