Muda wa Kungoja: Uhakiki wa Masimulizi ya María Sabina

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa siku hizi kuhusu tiba ya uyoga unaolevya, swali la muda lina nafasi ya pekee. Mtu akishaula uyoga huo mara moja chini ya uangalizi wa kiongozi, angoje siku ngapi kabla ya kuula tena? Baadhi ya waulizao humtaja María Sabina, mganga wa Huautla de Jiménez katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, aliyefariki mwaka 1985, kana kwamba maisha yake ni mwongozo wa jambo hilo. Makala haya yanayatazama masimulizi yake kama matini ya fasihi simulizi. Hoja yake ni kwamba matini hayo hayalijibu swali hilo kama linavyoulizwa, bali yanalibadilisha.

Sabina hakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia kwa Kimasateki. Álvaro Estrada, mwenyeji wa Huautla na msemaji wa lugha hiyo, alimrekodi, akayatafsiri maneno yake kwa Kihispania na kuyatoa kitabuni mwaka 1977. Sifa kubwa ya kazi hiyo ni kwamba sauti ya fanani haikumezwa na wino wa mwandishi: sentensi ni fupi na urudiaji umehifadhiwa. Hata hivyo, ina kasoro moja ambayo mhakiki hawezi kuifumbia macho. Estrada ameyaondoa maswali yake mwenyewe. Msomaji hupata tawasifu inayotiririka, lakini hajui ni lipi lililosemwa kwa hiari na ni lipi lililodaiwa. Kwa hiyo haifai kujenga hoja juu ya yale ambayo Sabina hakuyasema. Yaliyosemwa ndiyo yatupasayo kuyapima.

Nayo yanatosha. Hesabu ya siku imo, lakini ni hesabu ya utakaso: atakayekesha hujitenga na tendo la ndoa siku 4 kabla ya mkesha na siku 4 baada yake. Aidha, yapo masafa marefu zaidi ambayo hayakupangwa kwa kalenda. Akiwa mke wa mume wake wa kwanza, Sabina hakuula uyoga, kwa sababu ya mwiko huohuo. Alipofiwa, dada yake aliugua, naye akaurudia ili amponye. Baadaye akaolewa tena, na ni katika ujane wake wa pili ndipo alipojitoa moja kwa moja kwa kazi ya uganga. Miaka hiyo yote ya kungoja haikuwa na tarehe ya mwisho iliyojulikana mapema. Ilianzishwa na hali ya maisha, ikakatizwa na ugonjwa wa mtu mwingine.

Hata umbo la nyimbo za mkesha linathibitisha jambo hilo. Mara kwa mara mshororo hufungwa kwa neno *tso*, maana yake "asema". Asemaye si mganga, bali ni uyoga. Mganga ni kinywa tu. Mamlaka ya kusema yakiwa hayamo mikononi mwake, haitarajiwi kwamba wakati wa kukesha ungeamuliwa na hamu yake. Msomaji wa Kiswahili hapati shida kuielewa mantiki hii. Eda ya mjane ina hesabu yake kamili, miezi 4 na siku 10, lakini hakuna mwenye akili anayeihesabu ili awahi kufiwa tena.

Mgongano ulianza R. Gordon Wasson, Mmarekani mfanyakazi wa benki, alipokesha na Sabina mwezi Juni mwaka 1955, kisha akayatangaza hayo katika jarida la *Life* mwaka 1957. Wageni wakafuata kwa wingi. Sabina analalamika kwamba kabla yao hakuna aliyeula uyoga kwa ajili ya kumtafuta Mungu tu. Uliliwa ili mgonjwa apone. Tena anasema kwamba tangu waje, uyoga umepungukiwa na nguvu. Wako wanaoyasoma maneno haya kama majonzi ya uzee. Usomaji huo ni mwepesi mno. Anachokieleza Sabina ni kupotea kwa sababu: mkesha usio na mgonjwa hauna kinachouamuru uanze, wala kinachouamuru ukome.

Watafiti wa tiba, kwa upande wao, wana tarakimu. Katika utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2016, wagonjwa 12 wa sonona walipewa silosibini, kiini cha uyoga huo, miligramu 10 na kisha miligramu 25, kwa mwachano wa siku 7. Katika utafiti mwingine wa mji huohuo uliotolewa mwaka 2021, dozi mbili za miligramu 25 ziliachanishwa kwa wiki 3. Tarakimu hizi zina maana yake. Mwili hukizoea kiini hicho upesi, na dozi ya pili ikifuata mara moja hudhoofika. Lakini ziliwekwa ili utafiti upimike. Hazikuwekwa kumwambia mtu yeyote kwamba siku ya 8 imefika na sasa inampasa kurudi.

Hapa ndipo penye hatari. Mgonjwa aliyekata tamaa huichukua tarakimu ya maabara, akaitia katika kinywa cha Sabina, kisha akaiita hekima ya kale. Kwa kufanya hivyo huwadhulumu wote wawili: mtafiti hubebeshwa ahadi asiyoitoa, na Wamasateki huporwa kwa mara ya pili. Tarakimu hueleza mwili uko tayari lini. Masimulizi ya Huautla huuliza ni nani anayeumwa, na mkesha uliopita umemfanyia nini. Asiyeweza kulijibu swali hili la pili hajamaliza kungoja, hata kama wiki 3 zimekwisha kupita.