Fomu ya Ruzuku Nayo Ihakikiwe

Kuna aina moja ya maandishi ambayo karibu kila msanii wa Nairobi ameshawahi kuandika, na bado sijaona mhakiki akiigusa: ombi la ruzuku. Tunahakiki riwaya, albamu, filamu, hata posti za watu. Lakini yale maandishi yanayoamua ni mchezo gani utapata jukwaa na ni kitabu gani kitachapwa, tunayaacha yazikwe kwenye barua pepe. Nimeyasoma kwa misimu kadhaa, kwa kujitolea, kwa mfuko mmoja wa umma ambao sitautaja. Naishi Tassia, na nasoma usiku, mitungi ikishajazwa maji na jirani wa juu akishazima redio. Hebu tuihakiki hii kitu vile tunavyohakiki kitabu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unatumiwa fungu la maombi, jedwali la alama na tarehe ya mwisho. Unatoa alama kwa ubora wa kisanii, uwezo wa kutekeleza, bajeti, na manufaa kwa jamii. Wasomaji wengine wawili wanasoma yaleyale bila kuonana nawe, alama zinajumlishwa, kisha jopo linakaa. Malipo ni barua ya shukrani. Bando ni lako, stima ni tokeni zako.

Na pesa za umma za sanaa zinatoka wapi? Chukua mfano ulio wazi: Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa kwa kanuni za 2018. Hiyo iliundwa ilishwe na kodi za kamari na bahati nasibu. Sasa tembea Tassia Jumamosi jioni, uhesabu vijana walioinamia simu wakingoja mechi za Uingereza ziishe. Kila mkeka ukichanika, kuna kitu kinaenda kwa serikali, na sehemu yake ilikusudiwa sanaa. Huyo kijana ni mfadhili wa sanaa kama tu yale mashirika yenye nembo kwenye mabango. Lakini yeye hakuna anayemwalika kwenye jopo.

Tuje kwa maandishi. Mifano hii miwili nimeiunda mwenyewe, si ya mtu yeyote. Kikundi cha maigizo kinaomba pesa. Toleo la kwanza: «Mradi huu unalenga kuwawezesha vijana waliotengwa kupitia sanaa shirikishi, ili kujenga uwezo na kuchochea mazungumzo ya kijamii yenye uendelevu.» Toleo la pili: «Tuko watu saba. Mchezo ni juu ya keateka anayeshika funguo za ploti ya orofa saba, na usiku mmoja geti inakataa kufunguka. Tutaucheza juu ya paa, kwa sababu hapo ndipo watu wa ploti hukutana wakianua nguo.»

Toleo la kwanza halina mtu ndani yake. Toa neno «vijana» uweke «wakulima», toa «sanaa» uweke «ufugaji nyuki», na ombi litasimama vilevile. La pili ukilisoma unaanza kuona nguo kwenye kamba na kusikia watu wakigonga geti. Lakini kwa jedwali, la kwanza ndilo linashinda. Maneno yake yamefanana na vichwa vya safu: uwezo, jamii, uendelevu. Msomaji aliyechoka saa sita usiku anaona neno, anatoa alama, anasonga. Na usimlaumu mwandishi. Amehudhuria warsha, akafundishwa kwamba pesa zinaongea hivyo. Fomu ndiyo mwalimu wake. Ikiuliza malengo mara tatu na hadithi mara moja, utapata malengo mengi na hadithi kidogo.

Halafu kuna lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 11 inaitaka serikali ikuze fasihi na sanaa. Lakini fomu nilizosoma zilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha ofisi tena. Mtu anayeandika mchezo wa Sheng anaanza kwa kuutafsiri ili aruhusiwe kuufanya. Kinachopotea kwanza ni utani, na kwa mchezo wa Sheng utani ndio mifupa. Mimi kama msomaji nabaki kukadiria nyama peke yake.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni bajeti, maana hapo watu husahau kuigiza. Ukisoma bajeti ya kikundi cha Eastlands vizuri, unaiona mitaa yenyewe. Kuna pesa ya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, kwa sababu ukumbi wa umma uko mbali. Kuna kukodi jenereta. Kuna nauli ya usiku kwa waigizaji wanaorudi Pipeline na Donholm, kwa sababu matatu hupandisha bei mvua ikinyesha. Kuna chai na mandazi ya watu kumi na wawili, mara ishirini. Msomaji asiyejua Outering Road anaona nauli ya usiku anadhani ni wizi, anakata alama. Anayejua anaona kikundi kinachotaka dada zao wafike nyumbani salama. Karatasi ni ileile moja, ila alama zinategemea msomaji anaishi wapi. Ndiyo sababu nani anajitolea kusoma si jambo dogo.

Kuna atakayesema: acha hizo, bila fomu tutarudi kwa kujuana. Ana pointi. Historia yetu ya kuruhusiwa na kukatazwa ni mbaya kuliko jedwali lolote. Mwaka 1977 mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, Ngaahika Ndeenda, ulifutiwa kibali baada ya wiki chache tu jukwaani. Mwaka 2025 Echoes of War wa wasichana wa Butere uliondolewa mashindanoni mpaka Mahakama Kuu kule Kisii ikaamuru urudishwe. Nikilinganisha na hayo, watu watatu wasiojuana wakitoa alama ni hatua mbele. Sitaki tuichome fomu. Shida ni kwamba haki ya jedwali inategemea walio nyuma yake, na kazi isiyolipwa huwachuja hao watu mapema. Anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri hawezi kusoma maombi arobaini bure. Anabaki mwenye mshahara, mwenye kompyuta, mwenye nafasi. Huyo si mbaya, lakini mara nyingi haishi juu ya paa lenye nguo.

Kwa hivyo mambo manne, na yote yanawezekana. Wasomaji walipwe, hata kama ni ya bando na siku moja ya kazi. Ombi likubaliwe kwa Kiswahili, na kwa sauti iliyorekodiwa kwa simu. Kila aliyekataliwa apewe mistari miwili ya sababu, maana sai anapata barua moja iliyotumiwa watu wote. Na majina ya wasomaji yatangazwe matokeo yakitoka, ili tujue kama kuna mtu yeyote aliyevuka Outering Road.

Wakati huo, wito wa wasomaji ukitangazwa, wewe unayesoma hapa Tassia, Umoja au Kayole, tuma jina. Najua hailipi. Lakini ombi la wale watu saba litafika kwa meza ya mtu, na huyo mtu ataangalia ile nauli ya usiku akiwa na kalamu mkononi.