Sikio la Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Januari, shule zinapofunguliwa wilayani Handeni, mpita njia huona watoto waliofanana: sare mpya, daftari, penseli iliyochongwa usiku uliopita. Mwalimu wa darasa la kwanza hawaoni hivyo. Akishaitikia "shikamoo mwalimu" za asubuhi ya kwanza, anaanza kutega sikio. Huyu kalelewa na bibi yake katika Kizigua. Yule katoka kwenye boma la Wamasai, na Kiswahili amekisikia zaidi mnadani kuliko nyumbani. Katika kijiji cha Msomera, humo humo wilayani, familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia tangu 2022. Ukiingia wilaya jirani ya Korogwe, milimani utakuta Kisambaa, ila kwenye mashamba ya mkonge kama Ngombezi, ambako vibarua walikusanyika kutoka pande nyingi za nchi, wapo watoto waliotamka neno lao la kwanza kwa Kiswahili. Mtaala ni mmoja kwa wote, na mwalimu ndiye anayejua kila benchi lianzie wapi.

Tangu 2015 madarasa mawili ya mwanzo yameelekezwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa mtu mzima hayo ni mambo mepesi. Ninavyozidi kuwatazama walimu hodari wa darasa hili, ndivyo ninavyozidi kustaajabia ugumu wake.

Tuchukue kusoma. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hubaki na sauti yake popote ilipo. Ndiyo maana ba be bi bo bu huimbika vizuri, na darasa zima laweza kuziimba bila mtoto hata mmoja kusoma. Mwalimu mjuzi hauamini wimbo. Anauvunja: fimbo inagusa bo, inaruka kwenye be, inarudi bo. Anaifunika b kwa kiganja, watoto wanabaki na o. Anaandika m mahali pake na kungoja. Huo ungojaji ndio ufundi wenyewe. Hamalizii neno mtoto anapokwama, wala hamruhusu jirani amnong'oneze. Akisikia mtoto ametamka "baba" upesi mno, anajua kilichosomwa ni picha, na anaiziba.

Baadaye zinakuja mb, nd, ny, chw. Hapa Kizigua na Kisambaa vinasaidia, kwa kuwa mb na nd zimo humo tayari. Ulimi umeshazizoea, linalobaki ni jicho. Kazi ipo kwenye ng'ombe na ngoma, ambapo alama ndogo kama ukucha hubadili sauti, na kwenye dh na th. Mtoto anayesema "zahabu" ataandika z, na ameandika kwa uaminifu kile anachokisikia. Mwalimu mzuri hamchapi kwa hilo. Anamfundisha kwanza ulimi ukae wapi kati ya meno, herufi inafuata.

Kuandika huanzia begani. Herufi huchorwa hewani kwa mkono mzima, kisha mchangani kwa kidole, ndipo penseli ishikwe, na mara nyingi inashikwa kwa ngumi. Mwalimu anapita dawati hadi dawati akivikunjua vidole vile, kimoja kimoja, siku baada ya siku. b na d zitageuziana mgongo kwa miezi mingi; anazirekebisha bila kupandisha sauti.

Naamini mwalimu bora wa shule angewekwa hapa kabla ya kufikiriwa darasa la saba. Mtihani wa mwisho hupima mengi ambayo chanzo chake ni wiki hizi za vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia.

Maana hata kosa la hesabu linahitaji sikio. Mwambie mtoto aandike kumi na moja, naye anaandika 101: kumi, kisha moja, kama alivyotajiwa. Mwalimu asiyejua angeweka kosa kwa wino mwekundu na kupita. Mjuzi anatambua kuwa mtoto amesikiliza vizuri kabisa, ila hajajua kwamba nafasi ya tarakimu nayo ina thamani. Anamhesabia vijiti kumi, anavifunga fundo kwa uzi na kuviweka kushoto kwake. Kulia anaweka kijiti kimoja. Anamuuliza: "Mafundo mangapi, mwanangu? Na vilivyobaki?" Mtoto anaandika 1 chini ya fundo, na 1 chini ya kijiti.