Namba 'ndogo' inapoizidi 'kubwa': Athari za tafsiri sisisi

NILIKUWA nyumbani Misikhu, kando ya barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, mpwa wangu aliponijia na kipakatalishi kwapani. "Mjomba, hii kitu imenikataa," akasema.

Kijana huyu anasomea kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi nisichokitaja. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, amewaandalia muhtasari wa Kiswahili kuhusu Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix. Zoezi lilikuwa kuunda "faili maalumu la kifaa" kwa amri iitwayo mknod.

Unix, iliyoanzia katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, huvichukulia vifaa kana kwamba ni mafaili. Kibodi, diski na printa hupewa majina katika saraka ya /dev, na programu huyafungua majina hayo kama inavyofungua barua. Ila ndani ya faili la aina hii hamna maandishi. Ni mlango tu. Linabeba aina ya kifaa pamoja na namba mbili. Ya kwanza huonyesha kiendeshi kinachohusika, na ya pili hukieleza kiendeshi hicho ni kifaa kipi hasa kati ya vile kinavyovihudumia.

Kiingereza huziita namba hizo "major" na "minor". Muhtasari ukaandika: "Tanguliza namba kubwa, kisha namba ndogo." Mpwa wangu alitakiwa kuunda nakala ya /dev/null, lile shimo ambalo kila kitupwacho humo hupotea. Katika Linux, namba zake ni 1 na 3. Kijana akazitazama, akaona kubwa ni 3 na ndogo ni 1, basi akaandika c 3 1.

Amri haikulalamika, kwa sababu mknod haichunguzi iwapo kifaa kipo. Faili likaundwa vizuri tu. Alipojaribu kulitumia ndipo akajibiwa kwamba hakuna kifaa wala anwani kama hiyo. Saa mbili zikapotelea hapo.

Nani alikosea? Si kijana. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili. Kwetu, kubwa likitajwa pamoja na namba, tunafikiria kiasi. Mfasiri alitafsiri neno, akaisahau kazi ya neno. Mimi ningesema "namba ya ukoo" na "namba ya mwanaukoo". Hapa Bungoma hata mtoto anajua kwamba ukoo hutajwa kwanza ndipo aulizwe yeye ni nani katika ukoo huo. Hakuna atakayeuliza ni ipi kubwa.

Kosa la pili linatokana na herufi ile c. Muhtasari unagawa vifaa katika makundi mawili: "vya herufi" na "vya matofali". Kipanya kimo katika kundi la kwanza, nacho hakina herufi hata moja! Tofauti halisi ni namna data inavyopita. Kundi la kwanza ni kama maji ya mfereji: unakinga yanavyokuja, na yakishapita yamepita. La pili, kama diski, ni kama ghala la mahindi: mzigo umepangwa kwa magunia yaliyolingana, nawe waweza kuliendea gunia la kumi bila kugusa tisa ya mwanzo. "Vifaa vya mfululizo" na "vifaa vya mafungu" yangetosha.

Najua watakaosema tuyaache haya kwa Kiingereza. Sikubaliani nao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice ya Kiswahili, iliyopewa jina Jambo, kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Wengine watasema siku hizi Linux huyaunda mafaili haya yenyewe kifaa kinapochomekwa. Ni kweli. Lakini mitambo huharibika, na atakayeitwa kuitengeneza ni huyu huyu kijana aliyefundishwa kwamba 3 ni namba ndogo.

Sibezi juhudi za mwalimu yule. Kuna wengi wasiothubutu hata kuanza. Ninachomwomba yeye na wenzake wote wanaounda istilahi ni hiki: kabla ya kuchapisha neno, mpe mwanafunzi mmoja alisome, kisha mwangalie atafanya nini kwa mikono yake. Mpwa wangu alilifuta lile faili, akaandika c 1 3, na zoezi likakubali mara moja.