Kijiti cha Durham

Wanaosimulia historia ya mbio za kupokezana vijiti za vyuo vya Marekani aghalabu huanzia Philadelphia, mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipoanzisha mashindano yake. Hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni wanapofika kwenye Olimpiki ya Munich, 1972. Kenya ilishinda mita 400 mara nne, husema, kwa sababu Marekani haikuwa na timu: wawili walifungiwa kwa mwenendo wao jukwaani, mmoja aliumia. Ni kweli, ila kweli nusu. Asati, Nyamau, Ouko na Sang walitumia dakika 2 na sekunde 59.8, muda huo haukuokotwa njiani. Tena kijiti cha mwisho Ouko alimpa Sang, na wote wawili walisoma chuo kimoja, North Carolina Central, mjini Durham, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Mwalimu wao wa riadha alikuwa LeRoy Walker. Mimi niliyefundisha walimu nashangaa: historia ya vyuo inawezaje kumruka mwalimu? Sang, aliyekwisha kupata shaba ya mita 400, alimkuta Mjerumani mbele, akampita. Hiyo nayo ilikuwa bahati?