Sauti ya Friwili

Jioni, upepo wa bahari unapovuma Kizingo, vijana hupita na baiskeli zao karibu na mibuyu ya barabara ya Mama Ngina. Waachapo kukanyaga pedeli, magurudumu ya nyuma hulia. Mengine hugonga taratibu kama saa ya ukutani. Mengine huvuma kama mzinga wa nyuki. Wako wanunuao habu kwa ajili ya mlio huo tu, na mwenye habu ivumayo zaidi huonewa kijicho. Chaguo hilo nataka kulipima hapa, kwa kuwa kipendwacho na wengi chastahili kupimwa kabla ya kusifiwa au kulaumiwa.

Kwanza tujue sauti hutoka wapi. Ndani ya friwili mna vijino vyenye springi na pete yenye meno. Mpandaji akikanyaga, vijino hung'ata meno na gurudumu huvutwa. Akipumzisha miguu, vijino huteleza juu ya meno, na kila jino hutoa pigo lake. Tuseme pete ina meno 18, na gurudumu lina mzingo wa mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, sikio hupokea mapigo 45 kila sekunde. Habu ya Chris King, iliyotengenezwa Marekani, ina meno 72: nayo, kwa mwendo huo huo, hutoa mapigo 180. Ya kwanza hukwaruza. Ya pili huimba.

Basi si haki kumtupia mwenye habu hiyo methali ya debe tupu. Meno mengi yana faida: pedeli hushika upesi baada ya mapumziko. Lakini mlio waweza pia kukuzwa kwa springi ngumu, au kwa kupunguza grisi. Hapa ndipo upendo wa sauti unapogeuka upumbavu. Kisiwani Mombasa hewa ina chumvi, na chuma kisicho na mafuta huliwa na kutu. Vijino vikikwama, pedeli huzunguka bure na mpandaji huweza kuanguka mbele ya magari. Aliyeuza usalama kwa mlio amefanya biashara ya hasara.

Watetezi wa habu zenye kelele husema kuwa mlio huwaonya waendao kwa miguu. Hoja hii niliiamini mpaka siku moja katika kichochoro cha Mji wa Kale, ambako kuta hukaribiana na kila sauti hurudi mara mbili. Mzee asiyeona alikuwa akipapasa ukuta kwa fimbo yake. Kijana alitokea mbali, habu ikivuma. Kisha akaanza kukanyaga, akampita kwa kumgusa bega. Fimbo ikaanguka. Kijana akashuka, akaiokota, akasema, "Niwie radhi, mzee wangu. Hukunisikia?"

Mzee akajibu, "Nalikusikia ulipokuwa mbali, mwanangu. Ulipokaribia ulinyamaza, nikadhani umesimama."

Maneno hayo yalikuwa hukumu kamili. Friwili husema mpandaji anapopumzika, na hunyamaza anapojitahidi. Haijui ni nani aliye mbele yake. Kengele hulia kwa nia, na ulimi huomba njia kwa adabu. Friwili haina nia wala adabu.

Sisemi kwamba sauti nzuri ichukiwe. Pwani ya Kizingo, mbele ya bahari pana, uvumi wa gurudumu huchanganyika na mawimbi, na moyo hufurahi. Nasema kila jambo lipewe daraja lake. Habu ichaguliwe kwanza kwa ushikaji wake, kisha kwa kuzuia maji na chumvi, kisha kwa wepesi wa fundi kuitengeneza. Mlio uje mwisho, kama manukato baada ya kuoga. Na msomaji anayependa kusikiwa njiani akumbuke kutia kengele.