Kabati Lisiloijua Sikinde

iPod ilipotangazwa Oktoba 2001 ahadi yake ilikuwa fupi na rahisi kukumbukwa: nyimbo 1,000 mfukoni. Sisi wa Malton, tunaolala na kuamka chini ya ndege za Pearson, tuliipokea kwa furaha kama walimwengu wengine. Alfajiri ya Januari, kwenye basi la kutoka Lawrence West hadi Westwood Mall, mtu akiwa na hedifoni masikioni alikuwa Magomeni au Mwembe Tayari mpaka kituo cha mwisho. Hatukusudii kuikejeli furaha hiyo. Tunachotaka hapa ni kukihakiki chombo chenyewe kama tunavyohakiki kitabu: kiliandikwa kwa ajili ya nani, na ni nani hakutajwa ndani yake. iPod zenyewe zilikoma kutengenezwa mwaka 2022, lakini bado zimo kwenye droo za nyumba nyingi za kwetu, na humo zimo nyimbo ambazo hazipatikani kwingine.

Tuanze na hesabu. Zile nyimbo 1,000 zilipatikana kwa kudhani kwamba wimbo ni wa dakika nne hivi, na huo ndio urefu wa wimbo wa redio za Marekani. Taarabu ya jukwaani haizijui dakika nne. Kuna muziki wa kufungulia, kuna beti na kiitikio, kina mama wanainuka kutunza, fidla inajibu, na robo saa imekwisha. Ile iPod ya kwanza ya gigabaiti 5, ukiijaza nyimbo za dakika 15 kwa ubora wa kawaida wa siku zile, unaambulia kama nyimbo 270. Lakini hili halikutusumbua sana. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulikuwa dakika tatu na kitu tu, na waliimba hivyo hivyo. Mwaka 2007 ikatoka iPod ya gigabaiti 160, iliyosemekana kubeba nyimbo 40,000, na nafasi ikaacha kuwa tatizo. Tatizo likawa kukipata ulichokiweka.

Maana maktaba ya nyimbo ni kabati, na seremala wa kabati hili alilichonga akizifikiria nguo zake. Alitia droo nne kubwa: msanii, albamu, wimbo, aina. Ukiwa na muziki wa mtu mmoja aliyetoa albamu moja kila baada ya miaka miwili, kila kitu kinaingia bila kukunjwa. Muziki wetu hauingii.

Chukua droo ya msanii. Nani msanii wa wimbo wa dansi? Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa Juwata. Baadaye ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa kabati hili hizo ni bendi nne zisizojuana, moja kwenye J, moja kwenye M, moja kwenye N na moja kwenye O. Tukisema basi tumfuate mwimbaji, tumfuate Muhidini Maalim Gurumo: alitoka Juwata akaenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, akapitia Safari Sound, kisha akarudi Msondo alikoimba mpaka uzeeni. Alifariki Aprili 2014. Ukiandika Gurumo kwenye droo ya msanii, bendi zake zote zinapotea. Ukiandika bendi, sauti ambayo Tanzania nzima iliijua kabla mtangazaji hajaitaja haipo popote.

Halafu kuna adabu. Programu ya kompyuta inayopanga nyimbo imefundishwa kuliruka neno «The» mbele ya jina la bendi ya Kiingereza, ili bendi zote za Uingereza zisijazane kwenye T. Ni heshima nzuri. Lakini hakuna aliyeifundisha «Bi», «Mzee», «Ustadh», «Maalim» wala «Orchestra», kwa hiyo mabibi zetu wote wamebanana kwenye B kama abiria wa daladala ya mwisho. Mwaka 2007 iliongezwa nafasi ya kuandika jina la kupangia, kwamba mtu aonekane kwa jina moja na apangwe kwa jingine. Wapo waliotushauri tuitumie na kumpanga Bi Kidude kwenye K. Tumekataa. Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuimba kwa miongo mingi, ukimwondolea «Bi» amebaki kidude tu. Bora akae kwenye B na tumtafute.

Lebo zilizofichwa ndani ya faili za nyimbo, ambazo ndizo chombo kinazisoma, zilibuniwa mwaka 1996 na kwa kuanzia zilikubali herufi 30 tu za jina la msanii. Andika «Mbaraka Mwinshehe na Orchestra» na umezimaliza zote 30, nafasi zikihesabiwa. Super Volcano imebaki nje ya mlango. Toleo la pili la 1998 liliondoa mpaka huo, lakini faili nyingi tulizorithi kutoka kwa marafiki wa marafiki zimekatwa hapo hapo, na anayezipokea leo atadhani Mbaraka alikuwa na okestra isiyo na jina.

Na aina je? Orodha ile ya mwaka 1996 ilikuwa na aina 80 za muziki, kila moja na namba yake. Polka imo, namba 75. Rege imo. Taarabu haimo, dansi haimo. Kilichomo ni namba 48, neno la Kiingereza lenye maana ya muziki wa makabila, na huko ndiko kompyuta nyingi zilikokuwa zikitutupa sote: Culture Musical Club, Les Wanyika, Franco na kwaya ya kanisani. Watu wengi hulalamika kwamba orodha ile ilitudharau. Sisi tunaona jambo jingine. Orodha inaweza kuandikwa upya. Mtu anaandika neno alitakalo. Swali ni kwamba tukipewa kalamu tutaandika nini, na hapa wengi wetu tumeandika «Bongo», au «za zamani», au «Swahili», tukaridhika. Hayo nayo ni namba 48 kwa jina jingine.

Muziki wa dansi ulikuwa na neno lake tayari: mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na mashabiki waliujua kuliko jina lenyewe la bendi. Mlimani Park ni Sikinde. Juwata ni Msondo. Western Jazz ni Saboso. Mbaraka alikuwa na Masika. Maquis ni Kamanyola, Vijana Jazz ni Pambamoto. Mtu wa Dar es Salaam wa mwaka 1983 hakuulizwa anapenda aina gani ya muziki. Aliulizwa yeye ni Sikinde au Msondo, na jibu liliweza kumkosesha mchumba. Neno hilo ndilo la kuandikwa kwenye droo ya aina. Linarudisha pia ule undugu uliovunjwa kwenye droo ya msanii, kwa sababu NUTA, Juwata na OTTU zote zitakutana chini ya Msondo.

Droo inayotuuma zaidi ni ile ambayo watu wengi hawaifungui kabisa, ya mtunzi. Katika muziki wa Kimagharibi inatumika zaidi kwa Mozart na wenziwe. Kwetu ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Tumchukue marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyetutoka Aprili 2014, na ambaye kanda zake zilivuka bahari mpaka Muscat na mpaka hapa kwetu. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na mtu wa ukoo wake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyotolewa mwaka 1971 na kusomwa na vijana wengi mashuleni. Na nyingi ya nyimbo hizo zilivishwa sauti za filamu za Kihindi. Wakazi wa Malton hawahitaji kuelezwa hili. Fungua dirisha siku ya joto, weka Juma Bhalo, na jirani yako Mpunjabi atatokea kwenye baraza lake akiufuatisha wimbo kwa maneno mengine kabisa. Yeye anamjua mwenye sauti, wewe unamjua mwenye uchungu.

Sasa wimbo huo mmoja una wenyewe watatu: mshairi wa Mombasa, mwanamuziki wa Bombay, na mwimbaji. Chombo kinauliza jina moja, nasi tunakipa jina moja, la mwimbaji. Ahmad Nassir, aliyefariki mwaka 2019, yumo kwenye mamia ya simu na iPod za Waswahili wa Ontario bila jina lake kuandikwa hata mara moja. Shairi lenyewe huenda lisimtaje mtunzi. Hapo maneno huonyesha mkono wa mtu kwa wanaomjua tu, na wanaomjua wanapungua. Mwenye kudhani haya ni makuu auangalie wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, Miriam Makeba akaufikisha duniani, Boney M. wakautoa mwaka 1981, na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili, Adam Salim au mwingine. Ubishi ule ulikuwa na fedha ndani yake. Ulianza kwa droo ya mtunzi kuachwa tupu.

Kuhusu kitufe cha kuchanganya nyimbo hatusemi sana. Anayeweka kaswida na mchiriku kwenye chombo kimoja kisha akabonyeza kitufe hicho mbele ya wakwe, amejitakia.

Yupo mzee mmoja hapa kwetu aliyeshusha mizigo ya ndege kwa miaka mingi na ambaye alikuja Kanada na masanduku mawili, moja likiwa la kanda. Watoto walimfanyia hisani, wakazihamishia kanda zote kwenye kompyuta na kumtilia kwenye kifaa cha mfukoni. Kila upande wa kanda ukawa faili moja la dakika 30 au 45, na kila faili likaitwa «upande wa kwanza» au «upande wa pili», basi. Makasha ya kanda, yaliyokuwa na mwandiko wake kwa kalamu ya bluu, yalitupwa wakati wa kuhama nyumba. Mzee akawa na muziki wake wote na hana njia ya kuufikia. Zamani alikuwa akinyoosha mkono gizani na kuitoa kanda aitakayo kwa kujua ufa wa kasha.

Diski ya kifaa hicho ilipoanza kukwaruza, kijana wake mmoja alijaribu kuzinusuru nyimbo, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo kila mwenye iPod ya zamani ni vizuri alijue. Ndani ya iPod, nyimbo hukaa kwenye folda zilizofichwa, na kila faili hupewa jina la herufi nne zisizo na maana. Kinachoutambulisha wimbo ni lebo yake ya ndani peke yake. Kama lebo hukuijaza, siku chombo kinakufa utaokoa herufi nne nne, maelfu kwa maelfu. Kuwategemea wa nje nako hakufai. Hifadhidata za intaneti zinazotambua CD zilianza kwa kupima urefu wa nyimbo zake, hivyo CD iliyochomwa nyumbani huweza kurudishiwa majina ya bendi ambayo haijawahi kuliona jua la Pwani. Huduma za leo za kusikiliza kwa mtandao zinafanya vizuri zaidi, lakini zinajua kile tu alichoandika mpakiaji, na mpakiaji wa nyimbo za kwetu mara nyingi naye ana kanda isiyo na kasha.

Kwa hiyo tunamhesabu anayezijaza lebo kuwa mhakiki. Kuandika «Sikinde» au «Msondo», kumweka mshairi mbele ya mwimbaji, kuukata upande wa kanda mahali wimbo mmoja unapoishia na mwingine kuanza: kila kimoja kati ya hivyo ni uamuzi juu ya muziki, na unahitaji masikio. Vijana wanajua kuandika, wazee wanajua cha kuandikwa, na kazi haiendi mpaka wakae kochi moja.

Kwa yule mzee kazi imefika mbali. Mjukuu anashika kompyuta, babu anafumba macho. Sekunde chache zinamtosha: huyu Bitchuka, hii ni kabla hajahama. Huyu simjui, lakini gitaa nalijua, andika gitaa. Mjukuu alimwuliza aandike nini kwenye nafasi ya mwimbaji asipojulikana, aache tupu? Babu akasema asiache tupu, aandike «simjui» na jina la anayesema hamjui. Faili zaidi ya mia mbili sasa zina lebo hiyo, na moja, ya taarabu, ina sauti ya mwanamke na kinanda, na katikati mtu anakohoa karibu kabisa na kinasa sauti. Mzee anasema kikohozi ni cha kaka yake, Mombasa, harusini. Mwimbaji hamjui.